Rezo ikianguka, saa ya forfe nayo isimame

Ijumaa iliyopita, saa tisa alasiri na dakika arobaini, rezo ilianguka Kasungami. Nilikuwa pale, kwenye kabine ya kijana mmoja karibu na soko, nikitaka kutuma redioni habari ya visima vya maji. Mbele yangu alikuwa mama mmoja ambaye alifika Lubumbashi na watoto wanne akitoka upande wa Mitwaba. Ndugu yake wa Likasi alikuwa amemtumia feza ya dawa ya mtoto. Ujumbe ulishaingia kwenye simu, na feza ilionekana pale, na hesabu yake yote. Lakini kuitoa, hapana.

“Ngojea kidogo mama, rezo itarudia,” kijana akamwambia.

“Feza iko mule, naiona. Juu ya nini haitoke?”

Alingojea mpaka giza. Jumamosi asubuhi akarudi, akaketi tena kwenye kibao kilekile. Jumapili saa kumi alasiri ndipo rezo iliporudi, na watu wa mtaa wakapiga kelele kama mtu amefunga goli. Mama akapata feza yake. Dawa alikuwa ameshakopa kwa jirani.

Na mimi nikapata ujumbe wangu. Forfe ya mega ya siku mbili niliyoinunua Ijumaa saa sita mchana ilikuwa imeisha muda wake saa nne zilizopita. Nilikuwa nimeitumia saa tatu na dakika arobaini. Mega zilizobaki, karibu zote, zilienda. Sitataja kampuni hapa, maana wiki hii ni moja, wiki ijayo itakuwa nyingine, na wasikilizaji wa Kalebuka, Munua na Kimbembe wananipigia kwa malalamiko hayohayo juu ya zote.

Ndugu wasomaji, na ninyi familia mliohama makwenu mkaja kuishi nasi hapa Annexe, leo nataka tuongee jambo hilo moja: saa ya forfe inayoendelea kutembea wakati rezo imelala. Wengi wanasema, “ndivyo ilivyo, ni mashine.” Mimi nasema si mashine. Ni namna ya kufanya biashara, na namna ya biashara inaweza kubadilishwa.

Kwanza turudi nyuma kidogo, maana vijana hawajui tulikotoka. Wazazi wetu walitumia phonie. Mtu wa Lubumbashi akitaka kumtumia ndugu yake feza Kalemie au Mbuji-Mayi, alienda kwenye nyumba yenye antena ndefu juu ya paa, akaweka feza yake, na mwenye mashine akapaza sauti kwenye mikro: fulani wa fulani apewe kiasi fulani, nambari ya siri ni hii. Siri gani? Foleni nzima ilikuwa imesikia. Habari za kifo, za ndoa, za deni, zote zilipita mbele ya watu wote. Lakini phonie ilikuwa na heshima moja: mashine ikikataa, hukulipa.

Telecel ilileta simu za mkononi Zaire katikati ya miaka ya 1980, lakini hizo zilikuwa za wakubwa na wafanyabiashara wa almasi. Sisi watu wadogo tulianza kushika simu baada ya Celtel kuingia mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002. Celtel ikawa Zain, Zain ikawa Airtel. Tigo ikanunuliwa na Orange mwaka 2016. Majina yalibadilika na rangi za parasoli barabarani zikabadilika, lakini jambo kubwa zaidi lilibadilika ndani ya nyaya, ambako hatuoni.

Mnakumbuka parasoli hizo zilikuwa zinauza nini? Dakika. Kijana aliweka simu juu ya meza, wewe ukaja, ukasema maneno yako mawili, yeye akiangalia saa. Alinunua dakika kwa bei ya chini kidogo, akaziuza kwa bei ya juu kidogo. Watoto wengi wa mji huu walilipiwa shule kwa dakika. Leo hakuna anayeuza dakika mezani. Parasoli ni ileile, lakini chini yake kuna benki: kuweka feza, kutoa feza, kutuma feza, kununua mega. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika kwetu na Vodacom mwaka 2012, na wengine wakawa na zao.

Sasa, kilichobadilika ndani ya nyaya ni hiki. Zamani, ulipopiga simu kutoka Lubumbashi mpaka Kamina, kampuni ilikufungia njia nzima kwa ajili yako peke yako. Ni kama kuchukua behewa zima la gari moshi kwa abiria mmoja. Hata ukinyamaza, behewa ni lako, hakuna mwingine anayeweza kupanda. Ndiyo maana dakika ilikuwa na bei: ulikuwa unakodi njia, na muda ndio ulikuwa kipimo chake cha haki.

Leo sauti yako inakatwakatwa vipande vidogo, paketi, kila moja ikiwa na anwani yake, na inatupwa barabarani pamoja na paketi za watu wengine wote. Fikirieni barabara ya Kasumbalesa: lori moja limebeba unga wako, sabuni ya jirani na betri za Mhindi, na kila mzigo unashushwa kwa mwenyewe. Sauti, picha, video, barua za ofisi, mahubiri ya pasta, hesabu za duka, vyote ni mizigo ya namna moja kwenye barabara moja. Rezo ya 4G ilijengwa hivyo tangu mwanzo, haina njia ya pekee ya sauti kama ya zamani. Ndiyo maana kwenye simu nyingi, ukipiga simu ya kawaida, alama ya 4G inapotea kwanza: simu imerudi kwenye rezo ya zamani kutafuta njia ya kuongea.

Hapo ndipo biashara ya zamani ilipovunjika. Sauti ikiwa mzigo kama mizigo mingine, uzito wake ni mdogo sana. Tuhesabu pamoja. Sauti ya simu za GSM za kwanza ilikuwa kilobiti 13 kwa sekunde. Kwa dakika moja hiyo ni kama kilobaiti 98. Mega moja ingebeba dakika kumi hivi. Hata ukiongeza uzito wa zile anwani za paketi, bado mega moja inabeba dakika nne na kitu. Ndugu yako wa Ndola, wa Johannesburg au wa Bruseli anakupigia kwa WhatsApp mnaongea mpaka betri inakufa, na kampuni zilizokuwa zinakula vizuri kwenye simu za nje ya nchi hazipati ile dakika tena. Siwalilii sana, lakini lazima tuelewe: walikuwa wanauza dakika, na dakika imekufa mikononi mwao.

Basi wakauza nini? Wakauza mega. Lakini mega nazo ni tatizo kwa mwenye kuuza, maana mteja mwangalifu anaweza kuzitunza mwezi mzima. Ndipo saa ilirudishwa kwa mlango wa nyuma. Forfe ya siku, forfe ya usiku, forfe ya wiki. Unalipia uzito, halafu unapimiwa pia kwa muda, na kile kinachoisha kwanza ndicho kinachokuua. Na maskini ndiye anayenunua ya siku, maana hana feza ya mwezi. Mama anayeuza mboga Luwowoshi ananunua kidogo kidogo kila asubuhi, na kwa hesabu ya mwezi mega zake zinamgharimu kuliko za mkubwa wa ofisi. Ni sawa na mafuta ya kupikia ya kifuko: anayenunua kidogo ndiye anayelipa bei ya juu.

Niwape kampuni haki yao. Niliongea na mtu mmoja anayefahamu kazi hiyo, akaniambia: rezo ni kama basi. Kiti kikienda kitupu leo, huwezi kukiuza kesho. Kwa hiyo tunawapa watu bei ndogo ili wajaze viti vya leo, na ndiyo maana forfe ina mwisho. Hoja hiyo ina akili. Mnara unatumia mafuta usiku kucha, watu wawe wanaongea au wamelala.

Sawa. Lakini nimenunua tiketi ya basi la Ijumaa na la Jumamosi, na basi halikutoka kituoni. Je, tiketi yangu imekufa? Kwenye basi la Likasi, gari likiharibika kabla ya kutoka, konvoyeri anarudisha feza au anakupandisha gari lingine. Akikataa, mnajua kitakachompata.

Na hapa ndipo sikubali tena neno “mashine”. Zamani, katika rezo ya zamani, pengine ilikuwa vigumu kujua nani alikosa nini. Leo kila kitu kinapita katika kompyuta zilezile. Kompyuta inayojua kwamba forfe yangu imeisha saa sita kamili, wala si saa sita na dakika moja, inajua pia kwamba mnara wa Kasungami ulizimika saa tisa na dakika arobaini ukawaka Jumapili. Inajua simu zipi zilikuwa chini ya mnara huo. Kuongeza saa 48 kwenye forfe za simu hizo ni kazi ndogo kuliko kutuma ile mijumbe ya bahati nasibu inayotuamsha usiku. Wanaweza. Hawajaombwa kwa nguvu, ndiyo shida.

Kwingine waliombwa. Afrika Kusini, watu walipiga kelele miaka mingi juu ya bei ya mega na juu ya mega zinazokufa. Tangu Machi 2019, kwa kanuni za mamlaka yao ya mawasiliano, ICASA, kampuni zinalazimika kumpa mteja njia ya kusogeza mbele mega ambazo hazijatumika na ya kumgawia mtu mwingine. Kenya, Safaricom ilianza mwaka huohuo, mwezi wa Oktoba, kuuza mega zisizo na mwisho. Minara ya huko haikuanguka kwa sababu hiyo.

Na sisi wenyewe si watu wa kukubali kila kitu. Mnakumbuka RAM? Septemba 2020 tulianza kukatwa inite kwa ajili ya daftari la simu la serikali: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa simu ya 3G au 4G. Uliingiza inite asubuhi, ukipiga simu unakuta zimeliwa. Watu walilalamika kanisani, sokoni, bungeni, kwenye nyimbo, na mwanzoni mwa 2022 RAM ikaondolewa. Mimi nilijifunza mambo mawili pale. Moja, mita ikishakuwa moja kwa kila kitu, kila mwenye nguvu atataka kuingiza mkono ndani yake. Pili, mkono huo unaweza kutolewa.

Kuna watakaosema: bwana ya redio, watu wanatafuta unga, wewe unalilia mega. Ningekubali kama mega zingekuwa za kuangalia video tu. Lakini kila kitu kikipita njia moja, njia ikifungwa kila kitu kinafungwa pamoja. Mama yule wa Kasungami hakukosa video. Alikosa feza, akakosa kumwambia ndugu yake kwamba feza haijatoka, akakosa kumuuliza mganga wa zahanati kama dozi inaweza kungoja. Vitu vitatu, mnara mmoja. Na minara siku hizi inatumiwa na kampuni zaidi ya moja, jambo ambalo kwa bei ni zuri. Lakini moto wa SNEL ukikatika na mafuta ya jenereta yakiisha, hata ukiwa na kadi tatu ndani ya simu, zote tatu zinakuwa bubu kwa saa ileile.

Nchi nzima tumeshaonja hilo. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa kwa amri, na ujumbe mfupi pia, karibu wiki tatu. Na Agosti 2023 haikuwa amri ya mtu: maporomoko chini ya bahari, katika bonde refu ambalo mto Kongo umelichimba nje ya pwani, yalikata kebo za WACS na SAT-3, na ofisi nyingi za Kinshasa zikabaki zinaangalia mduara unaozunguka kwenye kioo. Sisi wa huku kusini tuna afadhali, tunaweza kupata njia nyingine kupitia Zambia. Lakini afadhali ya mji haisaidii kama mnara wa mtaa wako hauna mafuta.

Kwa familia zilizohama jambo hili lina uzito mara mbili. Mtu aliyekimbia Mitwaba, Pweto, Kalemie au Bukavu anaweza kupoteza nyumba, mbuzi na vyeti, lakini nambari ya simu akibaki nayo, ndugu watampata, na msaada wa feza ambao mashirika yanatuma kwa simu utamfikia. Nambari imekuwa anwani yake na mfuko wake. Nimewaona watu wanaonunua inite za mia chache si kwa kuongea, bali ili nambari isife, maana nambari isiyotumika muda mrefu kampuni inaweza kuichukua na kumpa mtu mwingine. Na aliyepoteza kadi ya elekta njiani anapata taabu kubwa kurudisha nambari ileile. Mtu huyo unapomla mega zake za siku mbili, hujamla kitu kidogo.

Niseme pia juu ya kazi yetu, maana nisingependa mfikiri ninaonyoosha kidole kwa wengine tu. Redio nayo ilikula kwenye njia ya zamani. Matangazo ya vifo na ya watoto waliopotea, salamu za sikukuu, watu walilipa faranga zao yasomwe hewani. Leo wanayaweka katika grupu ya WhatsApp bila malipo, na mfuko wa redio umekauka. Kwa upande mwingine, habari niliyokuwa naipeleka mjini kwa pikipiki na kaseti, leo naituma kwa sauti ya WhatsApp nikiwa bado shambani. Tumepata na tumepoteza. Lakini zile siku mbili za Kasungami, kitu pekee kilichoongea katika mtaa kilikuwa redio ya FM. Haitaki mega. Simu ndogo nyingi zina FM ndani, ukichomeka waya wa masikioni unakuwa antena. Kwa hiyo kama kampuni inataka kuwaambia watu kwamba mnara umekufa na utapona lini, njia ipo, na inafika hata kwa aliyeishiwa kila kitu. Ni sentensi mbili kwa Kiswahili. Mpaka leo hakuna aliyekuja kwetu kuomba zisomwe.

Tuna sheria ya mawasiliano ya tarehe 25 Novemba 2020 iliyochukua nafasi ya ile ya 2002, na tuna ARPTC ambayo kazi yake ni kusimamia kampuni hizi. Ombi langu kwao ni dogo, makusudi ni dogo, ili mtu asiseme haliwezekani. Siombi mega za bure. Siombi hata mega zisizokufa, ingawa siku moja tutafika huko. Naomba saa ambazo mnara ulikuwa umezimika ziongezwe kwenye kila forfe iliyokuwa hai chini ya mnara huo, bila mteja kupiga simu, bila kwenda ofisini katikati ya mji na kulipa taksi kuliko forfe yenyewe. Na feza iliyokwama kwenye simu kwa kosa la rezo, siku ya kuitoa isikatwe ada.

Ili tusiende na maneno matupu, nimenunua daftari. Kila mmoja wenu, Kisanga, Naviundu, Kasapa, popote ndani ya Annexe, rezo ikianguka aandike siku, saa ilipoanguka, saa iliporudi, na forfe gani ilikuwa ndani ya simu. Msiandike jina wala nambari, mtaa unatosha. Mnaweza kuacha karatasi kwa vijana wa kabine, nitazunguka kuzichukua kila Jumamosi asubuhi. Mwisho wa mwezi tutazisoma hewani, zote, hata kama kipindi kitaliwa kizima, na nakala nitaipeleka kwa kila kampuni na kwa ARPTC.

Ukurasa wa kwanza nimeshauandika: Kasungami, Ijumaa saa tisa na dakika arobaini mpaka Jumapili saa kumi. Forfe mbili, yangu na ya kijana wa kabine. Na chini yake, mama mmoja, dawa, deni kwa jirani.